Kivungulio Hakizuii Ukungu: Maarifa kwa Wakulima wa Nyanya wa Migori na Homa Bay

Katika kaunti za Migori na Homa Bay nyanya haikosi mnunuzi. Tangu Isebania mpakani mpaka Kendu Bay kando ya ziwa, ni nadra kuona samaki au mboga ikipikwa bila nyanya. Lakini bei ya nyanya haitulii. Mavuno ya mashamba ya wazi yakija kwa pamoja, kreti hujaa sokoni na bei huanguka. Mvua kubwa za Machi mpaka Mei zikinyesha, nyanya za nje huoza kwa maradhi, na yule mwenye nyanya nzuri wakati huo huuza kwa bei ya kumfurahisha.

Kwa sababu hiyo wakulima wengi, na vikundi vya akina mama na vijana, wamejenga vivungulio. Kivungulio ni nyumba ya miti au mabomba iliyoezekwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, na ubavuni ina wavu wa kuzuia wadudu. Nyumba ya mita 8 kwa 15 huchukua miche 500 hivi, na ile ya mita 8 kwa 30 huchukua 1,000 hivi. Gharama yake si ndogo, na wengi huijenga kwa mkopo. Mkopo huo hulipwa na nyanya za miezi ya mvua.

Basi hapa pana jambo ambalo kila mwenye kivungulio yampasa alifahamu. Miezi inayoleta bei nzuri ndiyo miezi ambayo ukungu hustawi. Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa mvua haigusi majani, ugonjwa hauwezi kuingia. Dhana hiyo si ya kweli. Plastiki huzuia matone ya mvua, lakini haizuii unyevu wa hewa. Isitoshe, nyumba ikifungwa vibaya, plastiki huufungia unyevu ndani pamoja na mimea. Ndiyo maana baadhi ya vivungulio hubaki mitupu baada ya misimu miwili au mitatu, na mwenyewe bado anadaiwa.

UKUNGU NI KITU GANI?

Ukungu si mmea, bali ni kiumbe hai kidogo sana kisicho na majani wala rangi ya kijani. Wataalamu huuita kuvu. Hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa hiyo hula chakula cha mimea. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi, nazo huchukuliwa na upepo, maji, nguo, mikono, na visu vya kupogolea. Hakuna mlango unaoweza kuzizuia zote.

Lakini mbegu hizo, kama mbegu za mahindi, hazioti bila maji. Maradhi mengi ya ukungu yanahitaji jani libaki na unyevu kwa saa kadhaa ndipo mbegu iote na kuingia ndani. Jani likikauka mapema, mbegu nyingi hushindwa kuota juu yake. Si ajabu basi kwamba katika Kiswahili neno ukungu ni jina la mvuke wa asubuhi bondeni, na pia ni jina la uchafu unaoota juu ya chakula kilicholala. Vyote viwili ni watoto wa unyevu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkulima ni kuyafanya majani ya nyanya zake yawe makavu kwa saa nyingi kadiri iwezekanavyo. Dawa ya duka huja baadaye.

UNYEVU HUTOKA WAPI?

Tazama kifuniko cha sufuria inayochemka. Ukikifunua, utaona matone yamening'inia chini yake. Kivungulio hufanya vivyo hivyo. Mchana mimea hutoa mvuke kwa majani yake, na udongo uliomwagiliwa hutoa mvuke pia. Hewa ya moto huweza kubeba mvuke mwingi. Usiku hewa inapopoa haiwezi tena kuubeba mzigo huo, nayo huutua juu ya plastiki na juu ya majani. Alfajiri utaona matone yakidondoka kutoka paani kama mvua ndogo. Mvua hiyo hukutengenezea wewe mwenyewe ugonjwa.

Hali si moja kila mahali. Upande wa juu, kama Rongo na Kabondo, usiku ni wa baridi na mvua ni nyingi zaidi. Huko majani hukaa na maji muda mrefu. Upande wa chini, kama Mbita, Kendu Bay na Nyatike, joto la mchana ni kali, na usiku hewa ya ziwani ina unyevu mwingi. Mkulima wa chini asijisifu kwamba kwake ni kukavu. Maradhi yake ni tofauti kidogo na ya mwenzake, lakini hasara ni ile ile.

MARADHI NA DALILI ZAKE

Mkulima asiyejua jina la ugonjwa hununua dawa kwa kubahatisha. Haya ndiyo maradhi ya kutazamia.

Baka chelewa, ambalo wengi huliita blaiti, huja wakati wa baridi na unyevu. Majani hupata mabaka makubwa ya kijani iliyoiva, kama yaliyomwagiwa maji ya moto, kisha hugeuka kahawia. Asubuhi, ukigeuza jani, utaona utando mweupe pembezoni mwa baka. Shina hupata alama nyeusi, na tunda hupata baka gumu la kahawia. Hakuna ugonjwa wa majani ulio mwepesi kama huu: katika juma moja lenye mvua waweza kumaliza nyumba nzima. Ndio ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Wataalamu wa siku hizi hawauhesabu kuwa kuvu hasa, bali huuweka katika ukoo ulio karibu na miani ya majini. Kwa mkulima, jambo hilo lina maana moja: ugonjwa huu hauwezi kuishi bila maji.

Baka tangulia hupenda joto. Huanza katika majani ya chini yaliyozeeka. Baka lake ni la kahawia na lina duara ndani ya duara, kama pete za gogo lililokatwa. Majani hugeuka manjano na kudondoka, na matunda huachwa wazi yakiungua kwa jua.

Ukungu wa majani ni ugonjwa wa vivungulio hasa, nao huonekana kwa nadra katika shamba la wazi. Juu ya jani huonekana mabaka ya manjano yasiyo na mpaka dhahiri. Chini yake, mahali pale pale, huota kitu laini kama mahameli, chenye rangi ya kahawia au zeituni. Ukiuona ugonjwa huu, nyumba yako inakuambia kwamba haipumui.

Ukungu wa kijivu huingia kwa vidonda: mahali palipovunjwa chipukizi, ua lililonyauka, au tunda lililopasuka. Huota manyoya ya kijivu, na ukiligusa shina vumbi huruka. Vumbi hilo ni mbegu zake.

Ubwiri unga huonekana kama unga uliomwagwa juu ya majani, au mabaka ya manjano yenye unga mweupe chini yake. Huu hautii kanuni ya wenzake, maana hauhitaji jani lenye maji. Huweza kushambulia hata wakati wa kiangazi, wakati mkulima amejisahau.

Kinyausi hukata miche kitaluni. Shina hulainika na kusinyaa karibu na udongo, na mche huanguka. Sababu yake kubwa ni maji mengi mno, miche iliyosongamana, na udongo usio safi.

MNYAUKO: USINUNUE DAWA KABLA YA KUPIMA

Mkulima aonapo mnyanya umenyauka, mara nyingi hukimbilia dawa ya ukungu. Huenda akaitupa fedha yake bure. Mnyauko una aina mbili kubwa, na moja kati ya hizo si ukungu kabisa.

Mnyauko wa fuzari ni ukungu ulio ndani ya udongo. Huanza polepole. Majani ya chini hugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, kisha manjano hupanda juu. Ukipasua shina kwa urefu, utaona ndani pana mstari wa kahawia.

Mnyauko wa bakteria huja ghafula. Mmea hunyauka ukiwa bado wa kijani, mchana umelala, usiku waonekana kupata nafuu, na baada ya siku chache umekufa.

Jaribio la kuzitofautisha ni jepesi na halina gharama. Kata kipande cha shina karibu na udongo, chenye urefu wa kidole. Kining'inize katika glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa ndani ya maji, bila kuitikisa. Ngoja dakika tano. Ikiwa uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka katika shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Maji yakibaki safi, na ndani ya shina pana mstari wa kahawia, shuku fuzari.

Mnyauko wa bakteria ukishaingia, hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya mmea. Ng'oa mmea pamoja na udongo unaoshika mizizi, utie katika gunia ukiwa pale pale, usiuburure katikati ya mistari, kisha uuchome moto au uuzike mbali. Usipitishe maji kutoka shimo lile kwenda kwa miche mingine.

DAWA YA KWANZA: HEWA

Unapochagua mahali pa kujenga, chagua mahali pa wazi, pasipo kivuli cha miti na pasipotuama maji. Chimba mtaro kuizunguka nyumba ili maji ya mvua ya shamba la jirani yasiingie. Maji hayo huweza kuleta bakteria na ukungu wa udongoni.

Paa liwe la juu, na karibu na kilele chake iachwe nafasi yenye wavu ya kutokea hewa ya moto. Hewa ya moto hupanda. Isipopata njia ya kutoka, hukaa juu ya mimea pamoja na mvuke wake. Kwa wakulima wa kandokando ya ziwa, upepo wa alasiri utokao ziwani ni zawadi. Jenga ili upepo huo uingie ubavuni na kupita katikati ya mistari.

Pazia za ubavuni zifunguliwe mapema, mara jua linapochomoza, ili mvuke wa usiku utoke. Zisingoje mpaka saa nne. Zishushwe mvua ya upepo inapokaribia, na zifunguliwe tena mara ipitapo. Wavu wa wadudu ukijaa vumbi haupitishi hewa, kwa hiyo uoshwe kwa maji mara kwa mara. Hewa ina faida nyingine pia. Joto likizidi nyuzi 35 za Selsiasi, maua ya nyanya hushindwa kuzaa na hudondoka. Kipimajoto kimoja kilichotundikwa kivulini katikati ya nyumba kitakuonyesha mambo ambayo macho hayaoni.

Kwa vikundi tuna neno la pekee. Kivungulio cha watu ishirini chaweza kufa kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amefungua pazia. Andikeni zamu, na jina la mwenye zamu libandikwe mlangoni. Kazi ya dakika kumi asubuhi yaweza kuokoa gharama ya dawa ya mwezi mzima.

MAJI, NAFASI NA KUPOGOA

Mwagilia udongo, usimwagilie majani. Mipira ya matone ndiyo bora. Asiyekuwa nayo atumie mkebe au debe lenye mdomo, akimimina shinani taratibu. Mwagilia asubuhi, ili sehemu ya juu ya udongo ikauke kabla ya usiku. Anayemwagilia jioni huuandalia ukungu kitanda.

Katika mashamba yaliyo karibu na mifereji ya umwagiliaji, kama Kimira-Oluch na Kuja ya chini, kumbuka kwamba maji ya mfereji yamepita katika mashamba ya watu wengi. Ikiwezekana, kivungulio kipewe maji ya kisima, au ya mvua yanayokingwa kwa mifereji ya bati na kuwekwa katika tangi.

Panda miche kwa nafasi ya sentimita 45 mpaka 60 kati ya mche na mche, na uache njia ya kupita kati ya matuta. Mkulima anayebana miche 700 mahali pa 500 haongezi mavuno. Anaongeza kivuli na unyevu. Funga kila mmea kwa kamba ili usimame wima, na uvunje machipukizi ya kwapani yakiwa bado madogo. Matunda ya kishada cha kwanza yakianza kukua, ondoa majani yaliyo chini yake. Hayo ndiyo majani ya zamani yaliyo karibu na udongo, na huko ndiko maradhi mengi huanzia.

Fanya kazi hiyo siku ya jua, asubuhi umande ukishakauka, ili vidonda vipone kabla ya usiku. Anza na mimea mizima na umalizie na ile inayoshukiwa. Kisu kitumbukizwe mara kwa mara katika maji ya klorini, sehemu moja ya dawa ya kung'arisha nguo kwa sehemu tisa za maji. Majani uliyoyaondoa yasiachwe sakafuni wala kutupwa mlangoni. Yachukue mbali, uyazike au uyachome.

UDONGO USIOPUMZIKA

Shamba la wazi laweza kuhamishwa. Kivungulio hakihamishwi, na hapo ndipo taabu kubwa huanza. Mwenye nyumba hupanda nyanya, akavuna, akapanda nyanya tena, na tena. Kila msimu maradhi ya udongoni huongezeka, na ukungu wa fuzari waweza kukaa udongoni miaka mingi bila nyanya hata moja.

Kubadilisha mazao husaidia sana, lakini ni lazima ujue ukoo wa nyanya. Viazi vya mviringo, pilipili hoho, biringanya na tumbaku ni ndugu zake. Na mnavu pia, ule uitwao osuga kwa Kijaluo na managu kwa wengine, ni ndugu yake, ijapokuwa tunaula kama mboga. Kupanda osuga baada ya nyanya si kubadilisha mazao. Panda sukuma wiki, vitunguu, maharagwe, mchicha, au dek.

Wakulima wa Kuria, Uriri na sehemu nyingine za Migori zilizolima tumbaku kwa miaka mingi wawe waangalifu zaidi. Udongo wa shamba la tumbaku waweza kuwa na mnyauko wa bakteria, na tumbaku hueneza pia virusi vinavyodhuru nyanya. Usijaze kivungulio kwa udongo wa shamba kama hilo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa wamewasaidia wakulima wa Migori kuacha tumbaku na kulima maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Maharagwe hayo yanafaa pia katika mzunguko wa mazao. Anayevuta sigara asivute ndani ya kivungulio, naye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche.

Udongo waweza kusafishwa kwa jua. Fanya kazi hii katika ukavu wa Januari na Februari. Ondoa mabaki yote ya mimea, lima mpaka udongo uwe laini, uloweshe, kisha uufunike kwa plastiki inayopitisha mwanga. Fukia kingo zake ili mvuke usitoke. Funga pazia na uache hivyo kwa majuma manne mpaka sita. Joto hupanda chini ya plastiki na kuua sehemu kubwa ya maradhi, minyoo ya mizizi, na mbegu za magugu yaliyo karibu na uso wa udongo. Haliui yote, hasa yale ya chini sana, lakini hupunguza adui.

Ikiwa mnyauko umekwisha kutawala, njia iliyobaki ni kupanda katika mifuko au ndoo zilizojazwa udongo safi uliochanganywa na mboji iliyoiva, zikiwekwa juu ya plastiki ili mizizi isiguse udongo wa zamani. Udongo huo utolewe mahali ambapo nyanya na ndugu zake hawakulimwa. Udongo wenye asidi nyingi huusaidia ukungu wa fuzari, kwa hiyo pima udongo kwanza. Ukihitaji chokaa, weka kadiri utakavyoshauriwa.

Mbegu nazo zichaguliwe kwa akili. Nunua mbegu zilizothibitishwa, uitazame pakiti. Mara nyingi huandikwa herufi zinazoonyesha ugonjwa ambao aina hiyo inaweza kuustahimili: F ni fuzari, V ni mnyauko wa vetisilia, N ni minyoo ya mizizi. Kustahimili si kinga kamili, lakini ni mwanzo mwema. Mlangoni weka sanduku lenye dawa ya kuulia vijidudu ili kila aingiaye akanyage humo kwanza, na wageni wasitembezwe ndani bila sababu.

DAWA ZA KUNYUNYIZA NA MATUMIZI YAKE

Dawa ni msaidizi. Haiwezi kushindana na nyumba isiyo na hewa. Hata hivyo, katika miezi ya mvua huenda ikahitajika, nayo itumiwe kwa maarifa.

Kuna dawa za kinga, ambazo hukaa juu ya jani na kuua mbegu ya ukungu kabla haijaingia. Za shaba ni za kale zaidi. Mwaka 1885 mtaalamu Millardet wa Ufaransa alitangaza faida ya mchanganyiko wa mrututu na chokaa kwa mizabibu ya Bordeaux, na tangu hapo shaba imetumiwa duniani kote, hata katika kahawa ya Kenya. Dawa ya kinga haina faida kubwa baada ya ugonjwa kuingia. Lazima itangulie. Dawa ya salfa nayo husaidia dhidi ya ubwiri unga, lakini isinyunyizwe wakati wa joto kali, maana huunguza majani.

Kuna pia dawa zinazoingia ndani ya mmea. Hizi zina nguvu, lakini ukungu huzizoea upesi. Ukitumia moja tu kila mara, utabaki na ukungu usioiogopa. Badilisha aina. Kubadilisha jina la chupa hakutoshi, kwa kuwa majina mawili yaweza kuwa dawa ile ile. Tazama kwenye kibandiko jina la kiini cha dawa na nambari ya kundi lake, uchague kundi jingine.

Nunua dawa zilizosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu (PCPB), kwa matumizi ya nyanya. Usinunue dawa iliyopimwa katika chupa ya soda au mfuko usio na maandishi. Bodi hiyo huondoa baadhi ya dawa sokoni zinapoonekana kuwa za hatari, kwa hiyo dawa uliyotumia zamani huenda hairuhusiwi tena. Uliza kwanza.

Pima kwa kipimo kilichoandikwa. Ikiwa kibandiko kinasema gramu 50 kwa lita 20, na bomba lako la mgongoni ni la lita 16, weka gramu 40. Kuzidisha hakuongezi uponyaji, bali huunguza mimea, hudhuru watu, na hupoteza fedha. Nyunyiza asubuhi ili majani yakauke mapema, na uhakikishe dawa imefika chini ya majani. Vaa glavu, viatu vya mpira, nguo ya mikono mirefu na kifuniko cha pua na mdomo. Ndani ya kivungulio mvuke wa dawa hautawanyiki upesi kama nje, basi fungua pazia zote, na watoto wasiingie.

Jambo la mwisho juu ya dawa ni kubwa kuliko yote. Kila dawa ina siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye kibandiko. Nyanya huliwa mbichi katika kachumbari, na watoto huila ikiwa bado mkononi. Mkulima anayenyunyiza jana na kuvuna leo, kwa kuwa mnunuzi amefika na gari, anauza sumu kwa jirani zake. Panga unyunyizaji wako kwa kufuata siku za kuvuna. Mnunuzi akija mapema, angoje.

HESABU NA DAFTARI

Tuseme nyumba yako ina miche 500, na kila mche unatoa kilo 5. Hizo ni kilo 2,500. Ukipoteza mche mmoja katika kila mitano, umepoteza kilo 500, na mkopo haupunguzwi hata shilingi moja kwa ajili hiyo. Sasa linganisha hasara hiyo na gharama ya mpira wa matone, kipimajoto, na mtu wa kufungua pazia alfajiri. Utaona ni ipi iliyo nafuu.

Weka daftari. Andika tarehe ya kupanda, siku matone yalipoonekana paani, mahali baka la kwanza lilipoonekana, dawa iliyotumiwa, kipimo chake, na siku ya kuvuna. Pita katika nyumba kila siku, ukageuze majani machache katika kila mstari. Baka moja lililoonekana Jumatatu huondolewa kwa mkono. Lililoachwa mpaka Jumatatu ya pili lahitaji bomba, na huenda lisitibike. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukishindwa kuutambua ugonjwa, usibahatishe. Tangu mwaka 2013 kazi ya ushauri wa kilimo iko chini ya serikali za kaunti. Mwite Bwana Shamba au Bi Shamba wa wadi yako aje aone mwenyewe, au umpelekee mmea mzima pamoja na mizizi yake, ukiwa umefungwa vizuri ili usieneze ugonjwa njiani. Kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Kisii kiko karibu na kaunti zote mbili, na ofisi ya kilimo yaweza kukuelekeza huko kwa vipimo vya udongo na vya maradhi.

Mvua ndefu huanza Machi. Basi kabla ya Februari kwisha, osha wavu, rekebisha pazia ili zipande na kushuka bila kukwama, safisha mtaro, na panga zamu. Anayefanya hivyo mapema atakuwa na nyanya za kuuza wakati soko linapozitafuta.